Semina ya Siku Tatu Haiwezi Kumlea Msindikaji wa Kijijini

Baada ya kilimo na ufugaji, ni kazi chache vijijini zilizoenea kama kazi ya kukigeuza chakula kiwe bidhaa. Alizeti hukamuliwa mafuta Singida na Dodoma, dagaa huanikwa katika fukwe za Ziwa Victoria, mawese hutengenezwa Kigoma, asali huchujwa Tabora, na muhogo humenywa na kukaushwa katika mikoa mingi ya nchi yetu. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni wanawake. Mtaji wao ni mdogo, vyombo vyao ni sufuria, ungo na kinu, na soko lao ni gulio la wiki au duka la jirani. Hata hivyo, kutokana na kazi hiyo watoto hupata sare na madaftari, na familia huvuka miezi ya njaa.

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba Taifa limekwisha kuitambua kazi hiyo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hii. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mafunzo ya ujasiriamali nayo hutolewa kila mwaka na ofisi za umma, benki, mashirika ya dini na ya hiari. Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa leo halihusu uchache wa mafunzo. Linahusu kile kinachobaki kijijini baada ya mkufunzi kuondoka.

Utaratibu uliozoeleka unajulikana kwa kila mtumishi aliyewahi kuuandaa. Wananchi thelathini huitwa katika ukumbi wa kata. Kwa siku tatu hufundishwa kutengeneza siagi ya karanga, unga lishe, mvinyo wa rozela, sabuni na mishumaa, yote kwa pamoja. Siku ya tatu mgeni rasmi hufika, vyeti hugawiwa, picha hupigwa, na taarifa hupelekwa wilayani kwamba wajasiriamali thelathini wamejengewa uwezo. Baada ya miezi sita hakuna anayerudi kuuliza ni wangapi kati yao wangali wanasindika, na wale walioacha waliacha kwa sababu gani. Cheti kimetundikwa ukutani, na mashine ya kusagia imefunikwa kwa gunia.

Taifa hili halikuanza kwa kuielewa hivyo elimu ya watu wazima. Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipowasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alieleza kwamba watu wazima lazima waelimishwe kwanza, kwa kuwa ingepita miaka mingi kabla watoto waliokuwa shuleni hawajaweza kuugusa uchumi wa nchi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 TANU ikaazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati uliowekwa, lakini safari yenyewe ilikuwa kubwa. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1986 ulionyesha kuwa wasiojua walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10.

Mafanikio hayo yalitokana na njia iliyotumika. Katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa kutoka Mwanza kati ya mwaka 1968 na 1972 kwa msaada wa UNESCO, mkulima hakufundishwa herufi kwa maneno yasiyomhusu. Vitabu vya kujifunzia kusoma vilikuwa vitabu vya pamba, vya migomba, vya ng'ombe na vya uvuvi, kwa hiyo aliyekuwa akijifunza kusoma alikuwa akijifunza kazi yake papo hapo. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kitabu chake na kiongozi wake aliyepewa mafunzo. Kipindi kilipokwisha, wanakikundi walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kusafisha visima. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ikafuata njia hiyo hiyo katika jambo la lishe.

Katika kampeni hizo somo lilihesabiwa kuwa limekwisha pale kazi ilipoonekana, na kiongozi wa kikundi alikuwa mkazi wa kijiji hicho hicho. Wiki iliyofuata alikuwapo, na mwezi uliofuata alikuwapo. Kama choo hakikuchimbwa aliona, na mwenye nyumba alijua kwamba kimeonekana. Hiyo ndiyo sehemu iliyopotea katika semina za leo. Maelezo ya mkufunzi yamebaki, pengine yameboreka zaidi, lakini mlezi ameondolewa.

Upungufu huo unadhuru zaidi katika biashara ya chakula kuliko katika biashara nyingi nyingine. Fundi cherehani akikosea, nguo hubana na mteja hulalamika. Msindikaji wa chakula akikosea, mteja anaweza kuugua pasipo mtu kujua chanzo. Mwaka 2016 ugonjwa wa ini ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuua watu wapatao 20. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi ambayo familia hizo zilikuwa zikila. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi na karanga, hasa mazao yanapokumbwa na ukame shambani au yanapohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Haionekani kwa macho, na moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi.

Kinga yake kwa sehemu kubwa imo katika mikono ya mkulima na msindikaji mwenyewe. Mazao yaanikwe juu ya turubai au chanja badala ya udongo mtupu. Yakaushwe barabara kabla ya kutiwa ghalani. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa. Mambo haya mkufunzi anaweza kuyaeleza kwa saa moja, na kila aliyemo ukumbini akayaelewa. Mtihani huja siku ya kazi. Mama aliyenunua debe mbili za karanga kwa fedha ya mkopo anazichambua, na mbele yake linabaki fungu la karanga mbovu. Fungu hilo ni fedha yake. Jirani anamshauri azichanganye, kwa kuwa zikishakaangwa na kusagwa hakuna atakayezijua. Wakati huo cheti hakimsaidii. Anayeweza kumsaidia ni mtu aliye karibu, anayeijua hasara hiyo kwa kuwa naye alikwisha kuipata, na anayeweza kumwonyesha namna ya kununua kwa uangalifu zaidi msimu ujao ili fungu la kutupa liwe dogo.

Muhogo nao una funzo lake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo hutoka kwa kulowekwa, kuvundikwa na kukaushwa kwa siku za kutosha. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na ugonjwa wa konzo ambao hupoozesha miguu na kumwacha mgonjwa na ulemavu wa maisha. Chanzo kilihusishwa na muhogo uliokatiziwa siku za kuandaliwa kwa sababu ya njaa. Kina mama wa huko hawakuwa wajinga wa muhogo. Walikuwa wameurithi ujuzi wa kuuandaa kutoka kwa bibi zao, lakini shida ilizipunguza siku. Mafunzo yanayomchukulia mwanakijiji kuwa chombo kitupu cha kujazwa hayawezi kuona jambo hilo. Mlezi huliona, kwa sababu huanza kwa kuuliza mtu anafanya nini sasa, na nini kinachomzuia kufanya lile analolijua.

Jambo la pili linalohitaji mlezi ni hesabu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara ndogo za chakula hufa kimya kimya kwa ugonjwa huo. Uchukuliwe mfano wa hesabu rahisi. Msindikaji ananunua karanga za shilingi 60,000 na kupata chupa 40 za siagi, anazoziuza kwa shilingi 2,500 kila moja. Mkononi anahesabu shilingi 100,000, na moyoni anaamini kwamba amepata faida ya 40,000. Lakini chupa tupu zilimgharimu 20,000, kusaga na kuni 8,000, nauli ya kwenda na kurudi sokoni 6,000, na lebo 4,000. Jumla ya gharama ni 98,000. Faida yake halisi ni shilingi 2,000, kabla ya kuhesabu siku zake tatu za kazi. Akitoa 10,000 kununua dawa ya mtoto akidhani ni faida, amekula mtaji. Baada ya mizunguko mitano hana cha kununulia karanga, na atasema biashara ina mkosi.

Hesabu hiyo haimshindi mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba, na hata asiyejua kuandika anaweza kuifuata kwa kutenga fedha katika mikebe mitatu: wa malighafi, wa gharama nyingine na wa matumizi ya nyumbani. Lakini haitakuwa desturi kwa kuonyeshwa ubaoni mara moja. Mtu hujenga mazoea ya daftari pale anapojua kwamba Ijumaa atakuja mtu kulitazama pamoja naye, na wakagundua wawili hao kwamba chupa ndizo zinazomla, na kwamba akiungana na wenzake wanne kununua chupa kwa jumla, mambo yatabadilika. Hapo ndipo elimu ya watu wazima inapotimiza maana yake, kwa kuwa herufi na tarakimu zinarudi kuwa chombo cha kazi. Ikumbukwe pia kwamba ujuzi wa kusoma usiotumika huyeyuka. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa waliojua kusoma na kuandika, kati ya wenye miaka 15 na zaidi, walikuwa takriban asilimia 78. Ingawa kipimo cha sensa hakifanani na mtihani wa mwaka 1986, pengo hilo halipaswi kupuuzwa na yeyote mwenye dhamana ya elimu.

Jambo la tatu ni ubora na soko. Tangu mwaka 2019 majukumu ya usalama wa chakula yamekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kumekuwa na utaratibu wa kuwapunguzia mzigo wa gharama wasindikaji wadogo wanaopitia SIDO. Huo ni utaratibu mzuri. Hata hivyo, kati ya jiko la kijijini na alama ya ubora kuna barua ya utambulisho, kuna sampuli, kuna ukaguzi wa mahali pa kazi, na kuna nyaraka za viwango ambazo nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia katika ofisi yoyote isipokuwa ya kijiji, hatua hizo ni mlima. Wengi hukata tamaa katika hatua ya kwanza, wakabaki kuuza mahali ambapo hakuna anayeuliza. Mlezi hampunguzii msindikaji masharti. Anamweleza kila sharti kwa Kiswahili chepesi, anamwonyesha kwamba ukuta unaosafishika na maji ya kunawia ni sehemu ya biashara, na siku ya kwanza ya kwenda mjini anafuatana naye.

Ndivyo ilivyo hata kwa dagaa. Dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga na huchelewa kukauka mvua ikinyesha. Walioanikwa juu ya chanja hukauka upesi, huwa safi, na hupata bei iliyo bora. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chanja linahitaji nguzo na nyavu, na fedha yake lazima itoke kabla bei nzuri haijaonekana. Maelezo ya mgeni hayamshawishi mama wa mwaloni kama anavyoshawishiwa na mwenzake wa mwalo wa pili, aliyekwisha kulijenga na kuuza.

Kwa hiyo mlezi bora wa msindikaji ni msindikaji mwenzake aliyetangulia. Katika kata nyingi hakosekani mtu mmoja au wawili ambao biashara zao zimesimama kwa miaka kadhaa. Hao ndio walimu waliopo, na wengi wao hawajawahi kuulizwa lolote. Wakipewa mafunzo mafupi ya namna ya kumfundisha mtu mzima, wakalipwa nauli na fidia ndogo ya muda wao, kila mmoja anaweza kuwalea wenzake watano kwa msimu mzima, tangu kununua malighafi hadi kuuza na kufunga hesabu. Gharama ya kazi hiyo kwa mwaka haiwezi kulinganishwa na gharama ya kumbi, viburudisho na posho za semina zisizofuatiliwa.

Kazi ya watumishi wa umma na walimu ni kuushikilia utaratibu huo. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata awe na orodha ya wasindikaji kwa majina na bidhaa zao. Ofisa Ugani aungane naye katika mambo ya ukaushaji na hifadhi. Mwalimu, ambaye katika miaka ya 1970 alifungua darasa la jioni kwa watu wazima baada ya watoto kwenda nyumbani, anaweza tena kutoa chumba cha darasa na jioni moja kwa wiki kwa ajili ya hesabu na kisomo kinachohusu kazi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ina uzoefu wa kuandika vitabu vya namna hiyo. Vyuo 54 vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka huo huo wa 1975, viko karibu na vijiji na vina mahali pa kufundishia kwa vitendo. Redio za jamii na simu za mkononi zinafika mahali ambapo gari la wilaya hufika mara moja kwa mwaka. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni mkono wa kuviunganisha.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu amekwisha kuelemewa na kwamba darasa lake limejaa. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo haiwezi kujibiwa kwa kumhimiza tu ajitolee. Jioni hiyo moja ihesabiwe kuwa kazi, ilipwe, na iingizwe katika bajeti ya halmashauri kabla ya bajeti ya semina. Wapo pia watakaosema kwamba wasindikaji wenyewe hukwepa kutembelewa. Nalo ni kweli, na sababu yake inajulikana: anayefika na kalamu na daftari aghalabu huwa ametumwa kudai ushuru au kutafuta kosa. Ndiyo maana kazi ya ulezi haina budi kutenganishwa na kazi ya ukusanyaji wa mapato na ya ukaguzi. Mkaguzi afanye kazi yake, kwa kuwa afya ya wananchi haina mjadala. Lakini mlezi afike kabla ya mkaguzi, na mwananchi awe na hakika kwamba hesabu zake za ndani hazitakuwa ushahidi dhidi yake.

Suala la mikopo nalo linadai utaratibu huo huo. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo ya asilimia 10 kutokana na kasoro katika usimamizi wake, na mwaka 2024 ikaurejesha kwa utaratibu mpya. Tahadhari hiyo ilistahili. Lakini kikundi kisichojua gharama ya chupa yake moja hakitarejesha mkopo hata fedha zikipitia mikono iliyo safi kuliko yote. Mkopo uliotangulia elimu humwachia mwananchi deni, na mwenye deni huogopa kuhudhuria hata mkutano wa kijiji. Itakuwa busara kila kikundi cha usindikaji kinachokopeshwa kikabidhiwe mlezi siku ile ile kinapokabidhiwa fedha, na mlezi huyo atoe taarifa kwa kila mzunguko wa biashara.

Zaidi ya yote, kipimo kibadilike. Taarifa za wilaya zimezoea kueleza idadi ya waliofundishwa. Wakati umefika zieleze idadi ya biashara zilizosimama mwaka mmoja baada ya mafunzo, idadi ya wanaotunza daftari, na idadi ya waliofika TBS. Tarakimu hizo zitakuwa ndogo mwanzoni, na baadhi ya ofisi zitaona haya kuziandika. Ziandikwe hivyo hivyo. Ofisi inayoandika kwamba kati ya thelathini waliofundishwa wamebaki saba, na ikaeleza ni nini kiliwaangusha wale ishirini na watatu, imelitumikia Taifa kuliko ofisi iliyopeleka picha ya mgeni rasmi.

Elimu ya watu wazima katika nchi hii ilijengwa juu ya imani kwamba mwanakijiji ana akili timamu, ana uzoefu, na anaweza kuyabadili maisha yake akipata mwenzake wa kumshika mkono. Karanga, dagaa, alizeti na muhogo vitaendelea kusindikwa vijijini, kwa ubora au kwa hatari, kwa faida au kwa hasara. Msimu wa mavuno ujao utakapoanza, kila kata ijiulize ni nani atakayekuwa kando ya yule mama siku atakapokuwa akilitazama lile fungu la karanga mbovu. Kama jina la mtu huyo halijulikani, basi kazi ya elimu katika kata hiyo bado haijaanza.